Safu ya Saba

Ofisi ya Riga wanataka tarehe itangulie.
Kisha pete, aina, bawa, uzito, dume au jike,
na maoni yakae mwisho, au yasikae kabisa.
Ndivyo ilivyosema barua: sentensi mbili na muhuri.

Mistari milioni tatu na laki moja.
Miaka arobaini ya ndege wadogo
walionaswa wavuni kwenye pwani hii ya Baltiki,
wakapimwa, wakavishwa pete, wakaachiwa.
Arvīds Zeltiņš aliwaandika kwa mpangilio wake,
uzito kwanza, maana, alisema,
ndege mkononi hukwambia uzito kabla ya jina.

Mara ya kwanza nilifanya kwa pupa.
Nikaipakia faili yote, nzima nzima,
nikawa nachomoa safu huku, nachomeka kule,
kila safu ikihama na milioni zake tatu
kama mpangaji anayehama na kuta.
Feni ikalia. Saa nane usiku skrini ikaandika:
kumbukumbu haitoshi.
Nikacheka peke yangu.
Nani ambaye yake humtosha?

Zelma aliingia na matope ya Oktoba kwenye buti,
zamu ya nyavu ilikuwa yake.
Unahamisha nini, akauliza.
Safu, nikamwambia.
Akavua glavu kwa meno.
Mimi nikitaka kupanga watu upya siwabebi, akasema.
Nawaita tu kwa zamu.

Basi nikafuta yote, nikaandika namba saba:
sita, tano, tatu, mbili, moja, nne, saba.
Hiyo tu ndiyo iliyohama.
Skripti ya mistari tisa:
soma mmoja, ukate penye mkato,
uvitaje vipande kwa zamu mpya, umsahau,
umsome anayefuata.
Haba na haba, na kibaba hakijai.
Dakika moja na sekunde kumi na moja.
Feni haikujua kama kuna kazi.

Ningelala hapo.
Lakini mama yangu alikuwa mshonaji,
na mshonaji huhesabu vifungo baada ya kufua.
Nikahesabu vipande.
Mistari mia nne na kumi na miwili
ilikuwa na vinane.

Arvīds, mtu wa maneno machache,
mara mia nne na kumi na mbili katika miaka arobaini
aliweka mkato ndani ya maoni,
na mimi nilikuwa nimekata hapo hapo,
nikaita saba, wa nane nikamwacha mlangoni.

Faili yangu safi ilisema: *Alikufa mkononi.*
Ya kwake ilisema: *Alikufa mkononi, nilimbana mno.*

Yangu: *Yule wa mwaka jana amerudi.*
Yake: *Yule wa mwaka jana amerudi, mguu mmoja.*

Yangu: *Mvua.*
Yake: *Mvua, ningemwambia Vilma.*

Sikumfahamu Vilma.
Nilitazama tarehe, safu ya sita iliyokuwa sasa ya kwanza,
nikaona kwamba wiki mbili kabla ya hapo
hakuna ndege hata mmoja aliyepimwa.

Dawa yake ni neno moja kwenye skripti:
kata mara sita, si zaidi.
Kinachobaki kiache kizima, na mikato yake.
Hata mwendo uliongezeka. Sekunde sitini na nne.
Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha kiasi kile.

Kulipopambazuka Zelma alirudi na kifuko cha pamba,
ndani yake ndege mwenye taji la njano,
mdogo kiasi kwamba kifuko kilionekana kitupu.
Nikafungua mstari mpya, tarehe mbele, kama Riga walivyotaka.
Kidole kikingoja.
Andika, akasema. Gramu tano na nusu.
Jina?
Subiri kwanza, akasema, anapumua.